Pikapu ya samaki imeanza kula dizeli: kabla ya kushusha injini, pima, kisha uhisi joto la magurudumu

*"Asalaam aleikum fundi. Nina pikapu Toyota Hilux ya mwaka 2001, dizeli, injini ya 5L isiyo na tabo, ile inayovuta magurudumu yote manne. Nabeba samaki kutoka Ngomeni kuja Malindi karibu kila siku, na mara mbili kwa wiki gari linateremka Mombasa. Zamani nilikuwa napata kilomita 11 kwa lita. Sasa nikipiga hesabu ya pesa ninayoweka na kilomita za dashibodi, napata saba na nusu. Imeshuka kidogo kidogo kwa mwaka na zaidi. Mwezi wa tatu nilifunga tairi kubwa kwa sababu ya mchanga wa Ngomeni. Eya klina nimebadilisha, oili nabadilisha kwa wakati. Thamostati ilitolewa mwaka juzi gari lilipochemsha, haikurudishwa. Kuna moshi mweusi kidogo nikiwa na mzigo mlimani. Fundi mmoja ataka kushusha injini, mwengine anasema dizeli ya siku hizi imetiwa mafuta ya taa. Gari linaendeshwa na mpwa wangu, na nimeanza kumshuku kwamba anauza mafuta njiani. Mama yake ni dada yangu mkubwa, sitaki kuvunja undugu kwa dhana tu. Nianzie wapi?"*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Barua yako ina maswali mawili ndani ya kanzu moja: la gari na la mpwa wako. Niruhusu nianze na la pili, kwa maneno machache.

Hakuna kitu katika maelezo yako kinachomtia kijana hatiani. Mafuta yakiibwa, hesabu huruka: wiki hii mbaya, wiki ijayo nzuri, kutegemea kama mwizi alipata nafasi au hakupata. Yako imeshuka pole pole kwa zaidi ya mwaka. Hivyo ndivyo kutu inavyokula chuma, na ndivyo mpira unavyozeeka. Siwezi kumwapia mtu nisiyemjua, lakini nakuomba uiweke dhana hiyo kando mpaka tumalize kupima. Na vipimo vyenyewe uvifanye pamoja naye, maana yeye ndiye anayekaa na gari hilo kutwa.

Sasa tuzitazame namba zako, kwa sababu nina wasiwasi nazo zote mbili, ile 11 na hii saba na nusu.

Umesema ulifunga tairi kubwa lakini hukutaja saizi. Nichukue mfano ninaouona sana: pikapu ilikuwa na tairi za 235/75R15, ikafungwa 31x10.50R15. Ile ya zamani ikizunguka mara moja gari husogea kama mita 2.30. Hii mpya husogea kama mita 2.45. Mita ya dashibodi haina habari hiyo. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko inayotoka kwenye giaboksi, na inaendelea kuhesabu kana kwamba tairi za zamani bado zipo. Kwa hiyo kila inapoandika kilomita 100, wewe umekwenda zaidi ya 106. Ile saba na nusu yako kumbe ni nane. Usitegemee namba zangu, pima zako: piga alama ya chaki kwenye tairi pale inapogusa chini, piga na nyingine sakafuni, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha upime umbali kwa tepu. Au washa ramani ya simu kutoka Malindi mpaka Kilifi, ulinganishe na dashibodi.

La pili ni kuhesabu kwa pesa. Sote tumezoea kufika kituoni na kusema "weka ya elfu tatu". Lakini bei ya mafuta hapa Kenya hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, kila tarehe 14 ya mwezi, na imepanda na kushuka sana. Mwaka 2023 dizeli ilipita shilingi 200 kwa lita. Elfu tatu ya mwezi ule na elfu tatu ya mwezi huu si mafuta yale yale, na mtu anayekumbuka kwamba "zamani elfu tatu ilinifikisha Mombasa na kurudi" anakumbuka bei, hakumbuki gari. Hesabu lita. Risiti ya kituo ina lita, iweke.

Basi fanya hivi. Jaza tangi kwenye pampu moja, gari likiwa limesimama sawasawa, mpaka ile bunduki ya kujazia ikatike yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita. Endesheni kazi yenu ya kawaida. Rudini pampu ile ile, jazeni vile vile, gawanya kilomita ulizosahihisha kwa lita zilizoingia. Rudia mara tatu. Tangi moja halitoshi, kwa sababu tofauti ndogo ya pale bunduki inapokatika, au safari moja ya mchanga mwingi, inaweza kukudanganya. Tangi tatu zikikaribiana, hiyo ndiyo namba. Zikirukaruka bila sababu mnayoijua, hapo ndipo utakuwa na haki ya kuuliza mafuta yanakwenda wapi.

Na ile 11 uliipata lini? Kama ni enzi ambazo gari lilikuwa likiteremka Mombasa kwa lami na kurudi tupu, huwezi kuilinganisha na safari ya Gongoni kwenda Ngomeni yenye barafu na samaki kwenye mchanga. Mchanga unameza nguvu kwa namna ambayo lami haifanyi. Linganisha Mombasa na Mombasa, Ngomeni na Ngomeni. Hata msimu uandike. Wakati wa kusi, upepo unapovuma kutoka kusini, gari linaloteremka Mombasa linakwenda likipigana na upepo. Ukienda kilomita 80 kwa saa na upepo wa kilomita 25 ukikujia usoni, hewa inaliona gari kana kwamba linakwenda 105, na ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukirudi upepo unakusukuma, lakini haurudishi yote uliyopoteza. Ndiyo maana hesabu ya Mombasa ipigwe kwenda na kurudi, si kwenda tu.

Tuseme baada ya yote hayo namba ya kweli ni nane. Kilomita 11 kwa lita ni kama lita 9.1 kwa kilomita 100. Nane kwa lita ni lita 12.5. Tunatafuta lita tatu na nusu hivi kwa kila kilomita 100. Sasa swali lina umbo linaloshikika: hizo lita tatu na nusu zimefanya kazi gani?

Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban megajuli 36. Injini kama yako hugeuza kama theluthi moja tu kuwa nguvu ya kusukuma gari. Iliyobaki inatoka kama joto, kwa rejeta na kwa ekzosi. Hiyo theluthi moja ndiyo inayopambana na upepo, na uzito, na tairi zinazojikunja, na kila kitu kinacholishika gari lisiende. Kwa hiyo matumizi yakipanda, ama injini inageuza vibaya, ama kuna kitu kinalivuta gari nyuma, ama sehemu ya mafuta haifiki kwenye injini. Mafundi wengi hurukia injini moja kwa moja. Mimi kwa gari la samaki la huku kwetu huanzia chini, kwenye breki.

Fikiria gari lako linavyofanya kazi. Umejaza makasha ya samaki na barafu Ngomeni. Barafu inayeyuka njiani na kuchanganyika na maji ya chumvi ya samaki, na maji hayo yanatafuta tundu la bodi ya nyuma na kudondokea chini. Chini pana nini? Ekseli ya nyuma, ngoma za breki, waya wa hendibreki, na vile vidole vya chuma vilivyo nyuma ya ngoma ambavyo waya huvivuta. Kwenye Hilux za zamani vidole hivyo viko wazi kabisa. Juu ya hapo gari linapita Gongoni penye mashamba ya chumvi, linakaa usiku kwenye hewa ya bahari, na pengine linateremshwa mpaka karibu na maji wakati wa kupakia. Sioni gari linaloloweshwa chumvi kuliko hilo. Vidole vile hushika kutu vikawa vizito. Ukivuta hendibreki vinakwenda, ukiiachia havirudi mpaka mwisho. Mwiko wa hendibreki ndani umeshuka, dereva anaamini breki imeachia, na ngatu za breki, vile vipande vinavyosugua ngoma, bado zinaigusa ngoma. Mbele nako, pistoni za kalipa, ile sehemu inayobana diski ya breki, zikipata kutu hazirudi vizuri baada ya breki kukanyagwa. Na ile mipira ya kupitisha mafuta ya breki ikizeeka huvimba kwa ndani: mguu unaweza kusukuma mafuta yapite, lakini yakitaka kurudi yanakuta njia imebana.

Kiasi gani? Chukua magurudumu mawili ya nyuma, kila moja likishikwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 10 tu. Ni kidogo kiasi kwamba dereva hatahisi kitu, hasa kama imekuja pole pole. Lakini hiyo peke yake inakula lita moja na nusu mpaka mbili kwa kila kilomita 100. Karibu nusu ya kile tunachokitafuta. Na nguvu hiyo haipotei hewani, inageuka joto pale pale kwenye ngoma. Kwa mwendo wa 80, kila gurudumu linapata joto sawa na birika la umeme lililowashwa bila kuzimwa.

Kwa hiyo joto ndilo litakalokuambia. Mwambie mpwa wako aendeshe kilomita 15 au 20 za lami, kisha alitoe gari barabarani pahala salama na aliache lipungue lenyewe, akanyage breki kidogo iwezekanavyo, asivute hendibreki, atie gia na kuzima. Shukeni, pitisheni mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa kwanza. Magurudumu yote yatakuwa na uvuguvugu. Lile linalokuunguza kabla hujaligusa, au linalochemsha tone la maji mnalolidondoshea, ndilo linaloshika. Msiguse kwa vidole, ngoma iliyoshika inaweza kubabua ngozi. Kesho yake gari likiwa baridi, inueni gurudumu moja moja, mengine yakiwa yamezuiliwa kwa mawe na gari likikaa juu ya stendi, si jeki peke yake. Tieni gia huru, mlizungushe kwa mkono. Nyuma patakuwa na uzito kidogo kwa sababu ya difu, zile gia zilizo katikati ya ekseli, lakini tofauti ya kushoto na kulia mtaisikia.

Mkikuta breki imeshika, kazi ya kuifungua ni ya fundi wa breki, si ya kujaribia nyumbani. Mwambie afungue vidole vya hendibreki, avisafishe na kuvitia girisi, abadilishe waya kama umekwama, atazame silinda ndogo za nyuma na pistoni za mbele, abadilishe mipira ya zamani, na atie mafuta mapya ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni nyevu, mimi siyapitishi miaka miwili. Vumbi la ndani ya ngoma asilipulize kwa kompresa, ngatu nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Alifute kwa kitambaa cha maji.

Na hili nalisema kwa uzito wote: mkikuta gurudumu linatoa moshi au harufu ya kuungua, gari lisiendelee na safari. Mafuta ya breki yakichemka, pedali huzama mpaka chini bila kushika kitu. Sitaki kumfikiria kijana huyo akiteremkia daraja la Kilifi na mzigo wa samaki nyuma yake.

Mkishatengeneza, zuieni isirudi. Toboeni makasha upande mmoja na kuyaunganisha na bomba la kutolea maji, yapokewe kwenye ndoo au dumu. Msiyaache yamwagike barabarani wala chini ya gari. Kila jioni mwagieni chini ya gari maji baridi ya bomba, hasa nyuma, dakika tano.

Kuna jambo jingine la Ngomeni. Gari lako kama lina zile habu (vitovu vya magurudumu) za mbele za kugeuza kwa mkono, zilizoandikwa FREE na LOCK, muulize mpwa wako huzirudisha lini. Wengi hufunga wakiingia mchangani, wakifika lami wanarudisha tu ule mwiko wa ndani wa kuvuta magurudumu manne na kusahau habu. Gari linaendelea kuzungusha shafti na difu ya mbele bure mpaka Malindi. Haliharibiki, lakini linakula. Na upepo wa tairi: kama hupunguzwa kwa ajili ya mchanga, hurudishwa? Kila pauni moja ya upepo inayopungua kwenye tairi zote nne huongeza matumizi kwa kama asilimia 0.2. Pauni 15 zilizosahaulika ni asilimia tatu, na tairi yenyewe inapata joto na kuharibika ubavu. Pimeni asubuhi tairi zikiwa baridi, mfuate kibandiko cha mlango wa dereva, na kwa tairi zenu kubwa muulizeni fundi wa tairi anayejua mizigo.

Sasa nije kwa injini, nikianza na thamostati, kwa sababu hiyo umeshaitaja mwenyewe na haikukushtua. Huku kwetu imekuwa desturi: gari likichemsha, thamostati inatolewa na kutupwa, kwa hoja kwamba Pwani ni joto. Naelewa hoja hiyo inavyovutia, lakini ni kosa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na kuta za silinda zikiwa baridi sehemu ya dizeli haiungui vizuri. Thamostati huyazuia maji mpaka yafike kama nyuzi 82, ndipo yapite rejeta. Bila hiyo, kwenye safari fupi za asubuhi injini yako inakwenda ikiwa vuguvugu muda mrefu, inakula zaidi, na oili nzito inaongeza msuguano na ulikaji. Safisha rejeta, tazama pampu ya maji na feni, tafuta kwa nini lilichemsha, kisha rudisha thamostati mpya. Ni kipuri cha bei ndogo mno ukikilinganisha na injini.

Moshi mweusi wa mlimani. Injini ya petroli ya kisasa ina kompyuta inayopima hewa na kutoa mafuta kwa kadiri. Yako ni pampu ya chuma: ukikanyaga, inapeleka dizeli, iwe hewa imetosha au haikutosha. Hewa ikipungua, ziada inatoka nyuma kama masizi. Eya klina umebadilisha, vizuri, ila fungua uone kama inakaa sawasawa ndani ya kasha lake, na kama mpira unaotoka hapo kwenda injini haukupasuka wala klipu haikulegea. Mchanga wa Ngomeni ukipata upenyo pale, ringi za pistoni zinasagika, na hapo ndipo utashusha injini kweli. Kama hewa iko sawa na moshi bado upo, noza zinastahili kupimwa. Noza nzuri hupuliza dizeli kama ukungu wa manukato, mbovu hudondosha. Pelekeni kwa fundi wa pampu na noza mwenye mashine ya kupimia, msikubali "kusafishwa kwa macho". Na asije mtu akaweka mkono mbele ya noza inayopuliza: dizeli ya presha ile hupenya ngozi kama sindano. Ikimpata mtu, hata kidonda kikionekana kama nukta, aende hospitali saa ile ile na aseme ni dizeli ya presha, maana huharibu nyama kwa ndani huku nje pakionekana pazima.

Kushusha injini? Mwambie fundi wako akuonyeshe sababu. Gari linawaka mara moja asubuhi? Oili haipungui kati ya sevisi na sevisi? Hakuna moshi wa buluu, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma haipulizi kwa nguvu? Basi injini hiyo bado ina pumzi. Kama majibu ni mabaya, apime kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, kwa geji ya dizeli, silinda zote nne, akupe namba zilizoandikwa. Bila namba hizo, sikushauri ukubali hata bolti moja ifunguliwe.

Na mafuta ya taa? Nisikilize kwa makini hapa, maana kuna ukweli na kuna kutiwa chumvi. Kuchanganya kulikuwapo, na ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuchanganya ipungue. Lakini tazama hesabu: mafuta ya taa yana nishati pungufu kidogo tu kuliko dizeli. Hata robo nzima ya tangi ikiwa ni mafuta ya taa, ungepoteza kama asilimia moja ya nguvu. Wewe umepoteza zaidi ya robo. Mchanganyiko huo hauwezi kuwa jibu la swali hili. Ubaya wake uko kwingine: mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu yako inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayoipitisha. Kwa hiyo nunua kwenye kituo chenye wateja wengi, pokea risiti, na ukiwa na shaka ya kweli uwaarifu EPRA.

Kuvuja mtakutazama kwa dakika chache. Lazeni kadibodi safi chini ya gari usiku. Tazameni maungio ya tangi, kwa kuwa kutu ya chumvi huyapenda, na ile mirija myembamba ya mpira juu ya noza. Dizeli haikauki upesi kama petroli, huacha doa la mafuta lililogandamana na vumbi. Klachi nayo: kama mngurumo unapanda bila gari kuongeza mwendo, inateleza.

Nimebakisha jambo ambalo nakuomba umuulize mpwa wako kwa upole. Anapofika Ngomeni na mashua hazijaingia, injini huzima? Vijana wengi huiacha iungurume, kwa kiyoyozi au kuchaji simu. Injini kama yako ikiunguruma imesimama hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kilomita hazisogei hata moja. Saa moja na nusu kwa siku ni kama lita moja na robo. Kwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa siku, hiyo ni lita moja na nusu kwa kilomita 100. Iweke juu ya zile za breki, uone zinavyokaribia tatu na nusu, bila mwizi, bila injini mbovu, bila mafuta ya taa. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema inawezekana, na inapimika. Mwendo wa kuwahi soko la Mombasa nao umo: kutoka 80 kwenda 110, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa maradufu.

Ningekuwa wewe, wiki hii nisingenunua kitu isipokuwa thamostati na girisi. Ningejaza tangi, nikakaa kiti cha abiria mpaka Ngomeni na kurudi, daftari mkononi, nikamwachia kijana anieleze gari lake linavyomsumbua. Dereva wa kila siku hujua: "Mjomba, siku hizi likiwa kwenye lami tambarare nikiachia mguu halisereki kama zamani." Sentensi kama hiyo ingenitosha nifungue ngoma za nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Breki zikiwa huru, thamostati imerudi, upepo umejazwa na injini inazimwa kwenye kusubiri, jazeni tena tangi tatu. Zikisoma 10 au karibu na hapo, na kwa tairi zile kubwa na mchanga ule mimi singetarajia 11 tena, kazi imekwisha. Zikibaki nane, nendeni kwa fundi wa noza, na umwambie umeshapima nini na umepata nini.

Niandikie saizi ya tairi na namba za tangi tatu za kwanza, na gurudumu lipi lilikuwa la moto zaidi.